Mlio wa tairi la kushoto

Shoga, sikia haya. Baba nusura atuulie watoto.

Unalijua lile gari lake kuukuu. Wiki mbili sasa linagonga kwa mbele kila akikata kona au akikanyaga breki. Mama akimwambia, anajibu, "Ni pedi mpya za breki hizo, zitazoea." Na kwa kuwa pedi kazifunga mwenyewe, haambiliki.

Leo alikuwa awapeleke wanangu kwa dada, kwa ile barabara kuu. Mama akasimama mbele ya gari. "Hawapandi mpaka fundi aliangalie." Baba akanuna, lakini akaenda gereji, Mama na mimi tukafuatana naye.

Fundi akapiga jeki, akalishika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Akatia mtaimbo kidogo tu, boljointi ikachomoka. Yaani ikachomoka hivi hivi, shoga, tairi likalala upande.

"Mzee, pedi zako ni nzima. Hii boljointi ndiyo inayoshikilia tairi. Ungekuwa kwenye mwendo kasi, lingekwenda zake."

Baba akakaa kwenye benchi la gereji, akavua kofia. Mama hakumwambia "si nilikwambia". Alimshika bega tu.

Fundi alipofunga mpya akampa Baba ufunguo, alijaribu gari asikie kama bado linagonga. Baba akatikisa kichwa.

"Usiniulize mimi. Mpandishe mke wangu, ndiye mwenye masikio."