Ule Udongo Mwekundu Unaoupenda

Bumula

Mdogo wangu Joan,

Natumai huko Kitale hamjambo. Huku mvua imerudi, na yule kuku wako wa madoadoa ametotoa. Vifaranga wote ni weusi. Najua ungesema huo ni mtindo.

Wewe huona urembo kila mahali. Magunia ya maharagwe sokoni ni picha, tuktuk yenye maua ya plastiki ni picha. Ulipokuja Pasaka uliupiga picha ukuta wa Mama wenye maua ya udongo mwekundu, lakini hukuuliza kwa nini paa linavuja. Ukamwambia, "Mama, ongeza hiyo nyekundu. Nitaleta wageni waone."

Tangu siku hiyo hakutulia. Alipaka jivu, akachora maua yake, kisha udongo mwekundu ukamwishia. Nikamwambia, "Mama, si uache tu? Hao wageni hawaji." Akanijibu, "Joan hawezi kunidanganya." Akabeba karai, akaenda kuchimba mwingine chini ya ukingo wa mto. Mvua ilikuwa imelowesha kila kitu. Ukingo ukamwangukia.

Tulimzika Jumamosi. Sikukupigia simu, na niliwakataza wengine. Watu walipouliza uko wapi, nilisema uko na wageni wako.

Karai lake tulilipata limejaa. Udongo wake tumeupaka kaburini, na rangi imekolea kweli. Njoo na kamera. Uje saa kumi, maana wewe ndiye uliyetufundisha kwamba jua la saa hiyo hupendezesha nyekundu.

Ni mimi dadako,
Wilkista