Kitanda cha Nne

4 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila miguu inanung'unika kwa zamu za wodini. Goti lako linasemaje? Usinifiche, mimi ni muuguzi.

Nimepata likizo mwezi wa Juni. Basi ile safari tuliyoahidiana tangu mama yu hai, ya kutembea mgongo mzima wa mlima kwa siku tisa, sasa ina tarehe. Vibanda vya kulala njiani vina vitanda vinne kila kimoja, na mlinzi wa njia hapokei kundi linalozidi watu wanne. Wawili nimekwisha kuwapata. Mmoja ni dereva mstaafu wa malori, tunayemwita Breki kwa kuwa akianza kusema hana. Wa pili ni fundi saa wa mtaani kwangu, ambaye husema mara moja kwa wiki. Tukiwachanganya tunapata watu wawili wa kawaida. Wa tatu ni mimi, na wa nne ni wewe. Orodha ya majina inafungwa mwisho wa mwezi. Unakuja?

Mdogo wako

19 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi kusikia kwamba u mzima. Goti langu limenibeba miaka sitini na moja na halijaomba likizo hata siku moja.

Kuhusu mlima, nitafikiria. Nina turubai za malori zinazongoja kushonwa, na sina hamu ya kulala chumba kimoja na mtu anayeitwa Breki. Isitoshe, naona mambo yenu mmekwisha kuyapanga vizuri bila mimi.

Dada yako

6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai cherehani inaendelea vyema na wewe pia, kwa mpangilio huo, maana najua ukiulizwa hali hutaja cherehani kwanza.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikaona ndani yake "hapana" iliyojifunika shuka. Sikutaka kukusumbua. Siku ya mwisho ya orodha nikamwandikisha mwoka mikate wa karibu na hospitali yetu. Mtaa mzima unamwita Mama Tanuri. Ana miaka hamsini na minane, na hupanda ngazi zetu hadi ghorofa ya nne na sinia la mikate kichwani, akifika juu anatuuliza sisi mbona tunahema. Kila Jumapili tunafanya mazoezi. Juzi aliinama akanifunga kamba za viatu upya, akasema nafunga kama mtu anayetoroka harusi yake.

Mizigo tumegawana: Breki atabeba sufuria na jiko, fundi saa dira na ramani, mimi dawa, Mama Tanuri chakula. Tunaomba utushonee mikoba ya mgongoni. Nimekutumia nyuzi nne kwa utaratibu wako, kila uzi ni urefu wa mgongo wa mtu mmoja, kuanzia mfupa wa shingo hadi kiunoni, na fundo mwishoni. Mwekundu ni wangu, mweusi wa Breki, mweupe wa fundi saa, wa buluu wa Mama Tanuri.

Mdogo wako

22 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Cherehani haijambo.

Nyuzi zimefika. Nilizitandaza mezani nikazitazama, na wangu haukuwamo. Niliandika kwamba nitafikiria. Mtu akisema anafikiria, huulizwa mara ya pili. Mama alikuwa akituuliza mara tatu kama tumeshiba, na tulikuwa tumeshiba tangu mara ya kwanza. Lakini akufukuzaye hakwambii toka, nami nimeelewa.

Kuhusu kamba za viatu, nani alikufundisha kuzifunga? Uliketi kizingitini ukilia, kamasi zimefika kidevuni, mimi nikakushika vidole kimoja kimoja mpaka ukaweza. Fundo hilo limekutosha miaka arobaini na tano. Leo mwoka mikate amekuja kulifungua. Sina neno.

Mwambie uzi wake umezizidi nyuzi zote, hata wa Breki. Ana bahati ya mgongo. Mikoba itakuwa tayari katikati ya Machi. Kazi ni kazi.

Dada yako

28 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Afya yangu ni njema, lakini habari ninazokuandikia si njema.

Mikoba ilifika salama na sote tuliisifu. Breki alilala na wake. Wiki iliyopita tuliijaza mizigo kamili tukaenda mazoezi ya siku mbili vilimani. Siku ya pili Mama Tanuri, anayeimba tangu asubuhi, aliteremka kimya. Nilipomvua mkoba niliona michubuko miwili mirefu mabegani, nyama imevimba. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umemkaa juu ya mbavu, kwa hiyo uzito wote ulining'inia mabegani siku mbili nzima. Nilimkaripia kama mgonjwa wangu, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mkoba umeshonwa na dada yako. Ningeanzaje kulalamika?"

Bega la kulia halinyanyuki. Daktari amempa miezi miwili asibebe mzigo wala asikande unga. Sijui uzi ulikosewa wapi. Huenda niliupima vibaya mimi.

Kwa hiyo mlima umemponyoka. Mlinzi wa njia amekubali nibadilishe jina moja. Dada, sasa nakuuliza mara ya pili, kama ulivyotaka. Unakuja?

Mdogo wako

5 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo usiniulize hali.

Nilikwisha kuandika neno "nakuja". Karatasi ile nimeichana.

Hukupima vibaya. Uzi wa buluu niliupunguza mimi, kwa upana wa vidole vitatu. Niliukata kabla ya kugusa turubai, kwa sababu mkono wangu hauwezi kukata kinyume cha kipimo. Miaka arobaini umezoea kuutii uzi. Basi nikaudanganya uzi, na mkono ukatii. Kisha nikashona kwa uangalifu wote, mshono mara mbili kila pembe, ili mtu yeyote asione kasoro.

Sikukusudia aumie. Nilikusudia achoke, abaki nyuma, asitembee kando yako. Nilipokuwa nikishona niliwaona ninyi wawili mbele, mkicheka, na nikashona kwa kasi zaidi. Hayo si ya kujitetea, ni ya kueleza tu. Na usidhani wivu umekwisha kwa kuwa nimeukiri. Niliposoma kwamba huimba tangu asubuhi, niliudhika tena.

Kitanda hicho si changu. Niambie la kufanya.

Dada yako

27 Mei

Dada,

Salamu leo sina.

Barua yako nimekaa nayo karibu wiki tatu.

Mama Tanuri huamka alfajiri kukanda kwa mkono mmoja, daktari asijue. Nilimwambia tu kwamba uzi ulikuwa na hitilafu, akasema mgongo wake umewashinda mafundi wengi. Yaliyobaki si kazi yangu kuyasema.

Kitanda cha nne hakitapata mtu. Tunaondoka watatu tarehe 8 Juni. Wewe nenda kwake, mwambie kwa kinywa chako, kisha ukande unga mpaka bega lake lipone. Kwangu usipite kabla sijaondoka. Ukiwa na la kuniandikia, tuma kibanda cha tano. Wapagazi hupandisha barua pamoja na chakula.

Sijakusamehe.

Mdogo wako, kwa mazoea

6 Juni

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima na mapafu yanakutii. Vaa soksi mbili.

Nilifika Jumatatu. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, begi mkononi, kwa kuwa nilijua nikikaribishwa chai nitanyamaza. Nilimwambia yote, pamoja na vidole vitatu. Alikuwa akigawa madonge ya unga kwa mkono wa kushoto. Hakuacha.

"Ulinionea wivu mimi?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Nina miaka thelathini mbele ya moto huu. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kunionea wivu. Nawa mikono."

Siku hiyo hakuniambia neno jingine ila "bado" na "si hivyo". Donge langu la kwanza alilirudisha mara nne. Siku ya pili alifungua gauni akanionyesha bega, akaliacha wazi muda mrefu, nami sikuruhusiwa kutazama pembeni. Siku ya tatu niliungua kidole, nikatukana tanuri kwa ufasaha, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka na mimi. Tumegundua kwamba wote wawili hatuuvumilii ule wimbo unaouimba ukiosha vyombo.

Anasema bega likipona kuna njia fupi ya chini, ya siku tatu, isiyo na vibanda. Huko watu wawili na hema moja wanatosha. Tunafikiria Septemba. Hema nitashona mimi, lakini mkasi amesema atashika yeye.

Dada yako

12 Juni, kibanda cha tano

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekusalimia kwa sababu huku juu hewa ni chache, na hasira inataka hewa nyingi.

Tu wazima. Breki amenyamaza tangu kibanda cha tatu, pumzi zimemwishia, na fundi saa ameshika zamu yake ya kusema, hatumtambui tena. Kwenye kitanda cha nne tumelaza mikoba. Kila jioni nakitazama, na sijui ni nani kati yenu niliyetaka awe pale.

Barua yako imenikuta nikitoa mawe viatuni. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali palepale. Nilikutuma ukakande unga, dada. Sikukutuma ukacheke. Wimbo wangu una kasoro gani? Na hiyo Septemba ameitaja nani kwanza, yeye au wewe? Mnajua wazi kwamba sina likizo nyingine mpaka mwakani. Hema la watu wawili pia halifai, mtabanana, na usiku hakuna wa kuwasha taa mmoja wenu akiumwa.

Nashuka tarehe 16, na nitakuja moja kwa moja kwenye tanuri. La mkoba bado sijakusamehe, tutalisema ana kwa ana. Ila mwambie Mama Tanuri asikufundishe kila kitu kabla sijafika, na ninyi wawili msiamue jambo lolote kuhusu Septemba bila mimi.

Mdogo wako