Mwanya wa Mama

Msasani,
Tukuyu.
20 Juni, 1999

Mpendwa mdogo wangu Prisca,

Ugonile? Natumaini Mwanza mnaendelea vizuri na joto lenu, na kwamba kile kifua kimekuachia. Sisi ni wazima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Shemeji yako Ackson amekuwa paka, habanduki jikoni.

Sasa nakuja kwa mwanao. Nimeweka picha ndani ya bahasha, lakini tafadhali usiitazame kabla hujamaliza kusoma.

Unakumbuka nilimpeleka Tulia kwenye ile kliniki binafsi ya meno iliyofunguliwa Mbeya, kwa sababu taya lake la juu lilibana na alikuwa akihema kwa mdomo. Daktari alimwekea kaakaani chuma chenye skrubu katikati, akanikabidhi ufunguo mdogo niizungushe kidogo kila siku. Nilizungusha kama alivyoagiza.

Siku moja mtoto akacheka, nikaona meno yake mawili ya mbele yameachana. Niliogopa, Prisca. Uliniachia mtoto mzima, nami nikajiona nimempasua uso. Niliacha kuzungusha, kesho yake tukaenda Mbeya.

Daktari hakushtuka. Aliweka picha ya eksirei kwenye taa, akatuonyesha kwamba taya la juu ni mifupa miwili iliyokutana katikati, na kwa mtoto wa umri wake bado haijashikana sawasawa. Chuma kinaisukuma taratibu iachane, halafu pale penye ufa mwili wenyewe unajaza mfupa mpya. Tena kaakaa ndiyo sakafu ya pua, kwa hiyo na pua inapata nafasi. Nilitazama ule ufa kwenye picha, mstari mweusi katikati ya taya. Miaka yote hii naosha uso wangu kila asubuhi, sikujua nilichokuwa nakiosha. Mungu ni fundi.

Basi nikaendelea hadi daktari aliposema inatosha. Chuma bado kimo, kinashikilia mpaka mfupa ukomae. Jumamosi nilikuwa uani namenya ndizi, Tulia akanijia mdomo umefumba, akasema, "Mama mkubwa, maharage yanaungua." Tangu lini mtoto huyu akanusa kitu? Yaliungua kweli, na tuliyala kwa furaha.

Lakini kilichonitoa machozi ni ule mwanya. Ulipofunguka, uso wa Tulia ulikuwa wa mama yetu, vile alivyokuwa akicheka akirudi kuchuma chai. Alituacha wewe ukiwa bado unanyonya, wala hakuacha picha. Kila ukiniuliza alifananaje, nakujibu tu kwamba alikuwa na mwanya mzuri. Daktari anasema huu wa Tulia utajifunga wenyewe, na umeshaanza kupungua. Ndiyo maana nilimkimbiza studio kwa Tamimu, nikamwambia acheke.

Wasalimie sana shemeji Jotham na mdogo wake Tulia, Baraka. Shangazi Atupele wa Kinyala anawaombea. Bwana awalinde mnapoingia na mnapotoka.

Sasa toa picha, umwone mama.

Ni mimi dada yako ninayekupenda,
Elina