Kamba ya Mgomba Kwenye Gavana ya Trekta

Sironga, Nyamira
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Baba mpendwa,

Nakuahidi kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata yale yatakayonifanya nionekane sina adabu. Naandika kwa Kiswahili ili Mama aisome mwenyewe, maana wewe ukimtafsiria Ekegusii huwa unaruka sehemu unazotaka.

Habari za huko Voi? Mama bado anakohoa? Hapa tu wazima. Nyanya anatembea vizuri, ng'ombe wote wawili wanakamuliwa, na mvua inanyesha karibu kila usiku. Shuleni naendelea vyema, na mwalimu wa fizikia amenikubalia nikae mbele.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya Nyanya siku hizi inakaa mfukoni mwa Baba Mdogo Ondieki. Anasema anamchajia pale dukani kwake. Nikiiomba, ananiuliza nataka kuongea na nani na kuhusu nini. Wewe ungekuwa mimi, ungewaza nini?

Sasa nije kwenye trekta la Babu. Limeanza kusumbua. Asubuhi nikiliwasha ili lizungushe mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, injini inanguruma sawasawa kama ulivyoiacha. Jioni nikirudi kutoka shule, mambo ni mengine. Sauti inapanda mpaka mkanda unataka kuruka, halafu inashuka karibu kuzima, kisha inapanda tena. Nyanya ndiye anayelisha nyasi kwenye mashine, na mimi naangalia vidole vyake nikiogopa.

Baba Mdogo hurudi kutoka dukani saa hizo hizo za jioni. Akisikia ule mlio anatikisa kichwa. "Gavana imekufa," anasema, yaani kile kifaa ulichoniambia kinatuliza mwendo wa injini. "Hii ni chuma ya kuuza tu." Wiki iliyopita alikuja na mwanamume wa kutoka Kisii mjini, mwenye kofia ya ngozi, na huyo akalizunguka trekta akiligonga gonga kama mtu anayechagua jogoo. Siku hiyo injini ilifanya wazimu kuliko siku zote. Nikajiuliza, mbona asubuhi, yeye akiwa hayupo, ni nzima? Niliamini kuna kitu anachokigusa ili lionekane bovu.

Kwa hiyo Ijumaa nilipotoka shule sikuliwasha kwanza. Nilifuata mpango ulionifundisha Desemba. Nilianza na kebo ya eksileta, nikaisogeza huku na huku, ikateleza bila kukwama. Nikatazama springi ya gavana. Haikuwa imekatika wala kuvutika. Kisha nikasukuma ule mkono wa gavana kwa kidole. Uliniambia unapaswa kwenda na kurudi wenyewe, mwepesi kama bawaba ya dirisha. Haukurudi. Ulibaki pale nilipouacha.

Nikafuata kile chuma chembamba kinachotoka kwenye gavana kwenda kwenye kabureta. Mahali kinapoungana na mkono, ile pini ndogo haikuwepo. Badala yake palifungwa kamba ya mgomba, imezungushwa mara nyingi, imekauka na kubana kama mkono wa mtu mchoyo. Gavana ikitaka kupunguza mafuta, kamba inaizuia. Ikija kuachia, inaachia kwa ghafla na kupita kiasi. Ndiyo maana injini ilikuwa ikipanda na kushuka.

Damu ilinipanda, Baba. Baba Mdogo alipoingia uani nilimwonyesha ile kamba mbele ya Nyanya.

"Ni wewe uliyefunga hii?"

"Injinia amefika!" alisema akicheka. "Sasa nimekuwa mwizi wa pini?"

"Unataka trekta lionekane bovu ndio uliuze."

Aliacha kucheka. "Wewe msichana, mimi hata sijui hiyo gavana iko upande gani. Nasikia tu makelele."

Nyanya alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga. Hakuinua hata kichwa. "Mwache," alisema. "Ni mimi nilifunga."

Kumbe siku moja alipokuwa akilipangusa trekta, pini ilianguka kwenye nyasi na asiione tena. Kile chuma kikawa kinaning'inia. Akafanya anavyofanya kwa kila kitu katika boma hili, kuanzia lango na kibanda cha kuku hadi mzigo wa ndizi: alichukua kamba ya mgomba, akailoweka ili isikatike, akaifunga. "Na nilifunga vizuri," alisema. "Imewahi kulegea?"

Haikuwahi, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Usiku paa la kibanda cha trekta linavuja, kamba inalowa na kulainika, kwa hiyo asubuhi gavana inacheza. Jua likiwaka na injini ikipata moto, kamba inakauka na kubana. Baba Mdogo hakuwa akileta ugonjwa. Alikuwa akirudi nyumbani wakati kamba imekauka.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Kesi imekwisha, Hakimu."

Nikaikata kamba. Nyanya alivua pini ya kitambaa chake cha kichwani, ile anayoivaa Sabato, akasema kanisani watamvumilia. Nikaipitisha kwenye tundu na kuifunga, nikatia tone la oili. Mkono wa gavana ukaenda na kurudi wenyewe. Tuliwasha, tukakata nyasi mpaka rundo lote likaisha, na sauti haikubadilika hata kidogo. Nyanya alipiga kigelegele. Hiyo kamba nimeitia ndani ya bahasha uione.

Nilidhani Baba Mdogo atafurahi. Lakini alisimama akilitazama trekta kama mtu aliyefikiwa na mgeni siku asiyomtarajia. "Vizuri," alisema. "Yule mtu wa Kisii akija kulinunua Jumapili ya tarehe 21 atalikuta zima."

"Si ulisema unauza kwa sababu gavana imekufa?"

"Muulize baba yako. Ni yeye alisema iuzwe. Alisema hana mpango wa kurudi huku kulima."

Nyanya alizima injini mwenyewe, akaingia jikoni. Tangu hapo hajalitaja trekta, na jana kanisani aliimba kwa sauti ndogo.

Baba, Desemba ulipangusa hiyo gavana kwa shati lako la zamani, ukaniambia niitunze mpaka urudi tufungue lile shamba la chini karibu na mto. Nimeitunza. Kama ningesikia maneno haya kabla ya Ijumaa, ningesema Baba Mdogo anadanganya, na nisingekusumbua. Lakini nilimshuku kuhusu kamba na nikakosea, kwa hiyo sasa siwezi kukana maneno yake haraka hivyo.

Mama mwambie namwombea kifua kipone. Mdogo wangu Brian mwambie asiguse spana zangu. Msalimie pia yule mama jirani anayetuuzia maziwa, na mzee wa kanisa aliyenipa Biblia nilipoondoka.

Barua hii anaileta Bi. Moraa, jirani yetu, anayekwenda Mombasa kumwona mwanawe. Atapumzika kwenu usiku mmoja, halafu akitoka Mombasa atapitia tena hapo na kufika hapa Ijumaa. Tafadhali mpe jibu lililoandikwa kwa mkono wako, lisipitie kwenye simu. Nyanya naye analingoja, ingawa hatasema.

Ni kweli, Baba, ulimwambia aliuze?

Binti yako,
Kemunto