Sirudi Kindu kwa Sababu ya Saa

Kwako Yaya Amisi, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Katuba. Natumaini maneno haya yanakukuta mzima, wewe na mke wako na watoto. Sisi hatujambo. Zaituni ameota upya meno ya mbele, anayaonyesha kwa kila anayepita mlangoni.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, halafu unakata. Nikimaliza kuandika nitaipiga picha barua hii nikutumie leo hii, usije ukasema haikufika.

Unataka nifunge atelie yangu ya kushona, nirudi nyumbani Kindu, eti moyo wangu umeharibika. Hapana, Yaya. Sirudi.

Habari hiyo najua ilikotoka. Unakumbuka moyo wangu ulilegea nilipomzaa Zaituni, na dawa nameza kila asubuhi. Mwaka huu daktari wangu, mama mmoja wa Kasai asiyependa mchezo, alinishauri nivae saa ya kupima mapigo. Chini yake kuna taa ndogo ya kijani inayomulika ndani ya ngozi. Damu ikipita, mwanga unabadilika, na kijicho kilicho kando ya taa kinahesabu, kinapima hata nafasi kati ya pigo na pigo. Nilidhani moyo mzuri una nafasi sawasawa, kama mshono wa cherehani. Kumbe moyo uliopumzika huwahi kidogo, huchelewa kidogo, ukifuata pumzi. Nafasi zikilingana mno siku nyingi mfululizo, mwili umechoka. Zikiruka ovyo, ni hatari, nami niende kliniki mara moja.

Sasa ikaja harusi ya binti wa Shangazi Feza. Unatujua wanawake wa kwetu Maniema. Tulipakana hina, yangu ikapanda mpaka juu ya kifundo cha mkono, nyeusi ti. Nikafunga saa juu yake kama kawaida. Kesho yake tunaosha vyungu, saa ikawaka onyo, Shangazi akanishika mkono.

"Weye Mwajuma, hii montre iko inasema nini? Moyo iko inaruka-ruka, na weye unaosha tu nyungu!"

"Shangazi, miye niko muzima."

"Muzima namna gani? Montre inakatala!"

Sijakausha hata mikono, tayari amekupigia. Kufika jioni Kindu nzima ilikuwa inanililia.

Nilikwenda kliniki, sikupuuza. Daktari akanilaza, akanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora. Moyo ulikuwa uleule wa mwezi uliopita. Ndipo akaugeuza mkono wangu.

"Mama Zaituni, hii ni nini?"

"Hina, docteur. Tulikuwa na mariage."

"Na montre unaivaa juu yake? Ile taa itapita wapi? Peleka huku juu, pa ngozi mutupu."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, maana ulikuwa umeshanipangia treni. Tangu siku ile naivaa juu zaidi na inasoma vizuri.

Tena nikwambie. Namba ya zile nafasi naiandika kila asubuhi; ikipanda moyo umepumzika, ikishuka umechoka. Jumapili ulipopiga simu ukaniita kichwa ngumu, kesho yake namba ilishuka kuliko siku zote. Siku tuliyokata sare za shule na wasichana wawili ninaowafundisha, tukicheka mpaka mbavu zikauma, ilipanda. Ukitaka kuuhurumia moyo wangu, anza na hiyo sauti yako. Kazi hii niliianza kwa cherehani ya kuazima. Baba Zaituni alipotuacha, ndiyo iliyotulisha. Mtu akiniondoa hapa ndipo nitakapougua kweli, na wewe ndiye utakayeniuguza.

Lakini kuna jambo ulilolipitia haraka Jumapili, na tangu hapo sina raha. Ulisema mama siku hizi analala ameketi, na jioni miguu inamvimba. Ukasema ni uzee. Nilipotaka kujibu, ukakata.

Yaya, kabla hawajaugundua ugonjwa wangu, nililala nimeketi majuma matatu, kwa sababu nikijinyoosha tu pumzi inakatika. Viatu vyangu mwenyewe vilikuwa haviniingii. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Uzee gani huo?

Naogopa, nakwambia wazi. Mnahangaika na moyo wa mtu mwenye daktari, dawa na saa, na aliye karibu nanyi hamjamsikiliza kifua. Mpeleke hospitali ukimaliza kusoma hapa. Usiniitishe kikao cha ukoo, usitafute saa kama yangu, maana saa haimtibu mtu. Mweleze daktari hayo mawili, kulala ameketi na miguu kuvimba, aupime moyo. Akitaka apimwe zaidi huku, nitampokea mimi.

Nisalimie mke wako, mpishi anayenishinda. Nisalimie Mjomba Saidi seremala, na mdogo wetu Zaina anayefundisha shule. Shangazi Feza anawasalimu, ingawa bado hanisemeshi vizuri.

Mama usimpe salamu zangu kwanza. Mpe kanga yake avae, mtoke. Akikataa kwenda, mbebe.

Mimi mdogo wako,
Mwajuma