Alama ya Kikombe kwenye Zege Jeupe

Mama, usiweke hata kijiko juu ya kaunta mpya ya jikoni. Zege jeupe halijapakwa dawa ya kuzuia madoa, na linakunywa chai kumshinda Baba. Asubuhi kakuta alama ya kikombe, akamfokea Kaka: "Mimi natengeneza kitu cha kuonyesha wateja, wewe unakigeuza kisahani?" Kaka alijua alama ni ya nani, lakini akabeba lawama. Mimi nikacheka.

~~Kikombe kilikuwa cha Kaka.~~ Kikombe kilikuwa changu.

Nimekwenda kununua msasa laini, niisugue alama kabla mteja hajafika saa kumi. Baba akitangulia kurudi, mpe asome hapa, usinitetee.

Kaka, zamu yako ya vyombo wiki hii naichukua mimi.

Kitindamimba wenu,
mnywa maji kuanzia leo