Mshumaa Umesimama, Mama

Kakuma,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje na ukungu wa mwezi huu? Na lile goti? Usiniandikie tena "hatujambo" halafu basi. Niambie kama unapanda mwenyewe kwenda shambani au unamtuma mtu. Na mwanangu Wakio je? Bado anakataa maharagwe? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, hasa Jumapili kama leo, watu wa ofisini wakishatawanyika nami nikabaki na kikombe changu cha chai, sina wa kumwambia kwamba imekolea sukari.

Lakini nina habari. Mshumaa umesimama.

Najua hujasahau. Mlipokuja mwaka jana, wewe na Wakio, mlikaa siku nne tu. Siku ya nne, saa nane mchana, uliuona ule mshumaa mezani umejikunja mpaka ncha imegusa kitambaa, wala haukuwa umewashwa. Mtoto alikuwa amejaa vipele shingoni, amelala sakafuni, hataki hata maji. Ulianza kufunga mizigo bila kuniuliza. Ulisema, "Mkawasi, nitakuletea mwanao siku mshumaa utakaposimama humu ndani." Ulisema kweli. Niliwasindikiza mpaka Lodwar, basi la Kitale likaondoka nanyi, nikarudi huku peke yangu.

Tangu hapo, nikitoka ofisini kazi yangu ni chumba hiki. Unayakumbuka madirisha yake. Ya kwetu Wundanyi ni mabao mawili, unayasukuma nje yanafunguka yote. Haya ni vioo viwili vinavyopita kimoja nyuma ya kingine kwenye reli, kama kabati la vikombe. Ufungue utakavyo, nusu ya dirisha lazima ibaki imefungwa. Na dirisha moja linatazama jua linakotoka, jingine linakozama, kwa hiyo jua halinipi likizo.

Kwanza nilijaribu mashine. Mzungu mmoja wa ofisi yetu alipomaliza mkataba aliniachia mashine yake ya kupoza hewa, ile ya kukaa dirishani. Nilifurahi hata nikaanza kukuandikia barua. Kumbe imetengenezewa dirisha ambalo kioo chake hushuka kutoka juu kikaibana. Langu linasukumwa pembeni, hakuna cha kuishika, na juu yake likabaki pengo la kupita mtu. Nikamwita Yohana, seremala Msudani kutoka kambi ya wakimbizi ambaye tunasali naye kanisa moja. Akaitengenezea kiti cha mbao, pengo akaliziba kwa plaiwudi. Siku hiyo nilikaa mbele ya mashine nimevaa ile sweta uliyonifumia, nikicheka mwenyewe kama mwehu.

Kesho yake jenereta ikazima mara tatu. Mkuu wa ofisi akaja mlangoni akasema jenereta ni ya kompyuta na redio ya mawasiliano, haikuletwa ili mimi nistarehe. Mashine ikarudi stoo. Nililia, mama, sikufichi.

Aliyeniokoa ni Mama Ekai, Mturkana anayefagia ofisi. Alinikuta asubuhi nafungua madirisha yote mawili, kama ulivyonifundisha. Akasimama na ufagio wake, akanisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok, Mkawasi. Wewe nafungulia nani?"

"Nafungulia hewa, iingie."

"Hewa gani? Hii ni moto! Wewe nakaribisha jua kwa kitanda yako, alafu mchana unalia joto."

Akacheka mpaka akashika mlango. Mama, miaka miwili nimekuwa nikifungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni nikiogopa baridi ambayo huku haipo. Kwetu nyumba isiyofunguliwa asubuhi ni ya mvivu. Huku ndiyo ya mwenye akili. Kosa ni lako, uliyenilea vizuri.

Sasa nafanya kinyume. Vioo vimefunikwa kwa nje na mikeka ya majani ya mkoma, ule mnazi wa jangwani, aliyonisukia Mama Ekai. Yohana amenitengenezea fremu inayoingia sawasawa katika ile nusu inayofunguka, upande wa upepo, akaiwamba gunia la katani. Nalimwagia maji niliyofulia, likikauka nalimwagia tena. Nilikuwa nimefunga dirisha la pili kabisa, Yohana akanikataza. "Upepo kama hakuna kwa kutoka, hawezi kuingia, dada." Kwa hiyo huko naacha upenyo wa vidole vinne, kwenye mwisho wa mbali wa reli, ili upepo ukate chumba kizima kabla ya kutoka. Chumba kinanuka gunia bichi, sijali. Leo ni siku ya tisa mshumaa uko mezani saa nane mchana, wima.

Sasa niseme lile lililonikalisha kuandika. Nilipokuja Krismasi, wewe ukiwa jikoni, Wakio aliniuliza, "Anti, utaenda kwenu lini?" Sikukuambia. Nilimpa biskuti nikatoka nje kama ninayeangalia ndizi. Ana miaka mitatu. Anakuita wewe mama, na hana kosa, wala wewe huna. Babake alipofariki nikaja kutafuta kazi huku, ni wewe uliyemshika. Lakini nguo alizosahau mwaka jana ninazo sandukuni, na juzi nilizitoa nikaona haziwezi kumwingia tena. Niliumia.

Nakujua. Ukifika hapa utatafuta sababu nyingine: nge, vumbi, maji. Nge wapo. Vumbi lipo. Maji nayafuata na jerikani kama kila mtu. Nadhani pia unaogopa nyumba yako ikibaki kimya. Kimya hicho nakijua, nimeishi nacho huku, na sipendi kukupelekea wewe.

Nisalimie kaka Mwadime na shemeji, na mke wa mchungaji anayekuletea dawa ya kifua. Mwambie kaka akukatie tiketi za watu wawili.

Ndiyo, wawili. Sikuombi umlete Wakio uniachie. Njoo naye, ukae. Mtalala kitandani, mimi nitatandika chini. Najua atakulilia wewe hata ukienda msalani, na mimi nikimshika atanisukuma. Nitavumilia. Kaa mpaka asubuhi moja nitoke kwenda kazini, naye anililie mimi. Siku hiyo nitakusindikiza kwenye basi mwenyewe, na atakayelia njia nzima utakuwa wewe. Nisamehe tangu leo.

Ni mimi bintiyo,
Mkawasi